Kangaja Aliyetolewa Karantini Mapema

Gari lililotoka uwanja wa ndege wa Mwanza na boksi la samaki lilipoingia uani, wifi yangu alikuwa ameshasimama mlangoni mwa hoteli yake, simu mkononi, tayari kupiga picha. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke mwenye sauti inayofika jikoni bila kupandishwa. Hoteli yake iko hapa Mugumu mjini, na ndani ya ukumbi wa chakula ameweka tangi la kioo, refu kama meza ya karamu, lililojaa maji ya chumvi na samaki wa bahari. Mimi ndiye ninayelitunza.

Watu huuliza maji ya bahari yamefikaje Serengeti. Hayajafika. Tunayatengeneza wenyewe kwa maji ya mvua tunayoyachuja na chumvi maalumu ya unga inayokuja kwa ndoo. "Wageni wanakuja hapa kutazama simba," wifi aliniambia siku aliponiomba nimsaidie. "Wakirudi na vumbi lao, nataka wale chakula mbele ya bahari." Niliona ni wazo la mtu mwenye akili, nikakubali. Kabla ya kuolewa nilifanya kazi miaka mingi Dar es Salaam kwenye duka la samaki wa mapambo. Kazi ile ilinikaa mikononi. Ukinipa samaki wa bahari na maji safi, najua la kufanya.

"Wako hai?" wifi aliuliza kabla sijafungua boksi vizuri.

"Wako hai."

"Basi twende tuwaweke. Nimeshafuta kioo."

"Hawaendi ukumbini, wifi. Wanaenda stoo."

Alishusha simu. Alijua nitasema hivyo, kwa maana nilikuwa nimemweleza mapema, ila nadhani alitumaini kwamba nikiwaona nitalegea. Na kweli walikuwa wazuri. Mle ndani mlikuwa na samaki wadogo wa kijani kibichi, kila mmoja na mfuko wake wa nailoni uliojazwa oksijeni, na katika mfuko mkubwa kuliko yote alikuwemo kangaja. Mwili wake ulikuwa wa buluu iliyokolea, uso mweusi, koo jeupe, na mgongoni pezi la njano kutoka mwanzo hadi mwisho. Wifi alikuwa amemwagiza kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake kabla ya harusi. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Kisaka, na alitaka waingie ukumbini wamkute kangaja anazunguka.

Stoo yenyewe ni chumba nyuma ya jiko, ambamo zamani waliweka magodoro. Nimeweka humo tangi dogo lisilo na mchanga wala mawe. Lina vipande vya bomba la maji ili samaki wapate pa kujificha, kichujio cha sponji, na kifaa cha kupashia maji moto, maana Mugumu kuna baridi na samaki hawa hawaijui. Nyavu zake, ndoo zake, hata kitambaa cha kufutia mikono, havitoki mle ndani.

"Wiki ngapi?" wifi aliuliza akiwa ameegemea mlango.

"Mpaka niridhike."

"Samaki si ng'ombe, wifi."

"Ni kweli. Ng'ombe akikohoa unamsikia."

Alicheka bila kutaka. Mimi nilizaliwa Nyanungu, upande wa Tarime, na yeye alikulia Ringwani. Wote tumekua tukinusa moshi wa samadi. Kwetu, ng'ombe wa mahari ya dada zangu walipofika, baba hakuwachanganya na wake. Walikaa kwenye boma dogo ng'ambo ya shamba la mihogo hata kama wakwe walinuna. "Mgeni ale kwanza, anye kwanza, tumtazame," alikuwa akisema. Kwa hiyo nilipofika Dar na kukuta samaki wapya wanatengwa, sikuhitaji kufundishwa mara mbili.

Niliwazoesha maji polepole, kikombe kwa kikombe, kisha nikawaachia. Wale wadogo walikimbilia ndani ya mabomba. Kangaja alizunguka tangi akitafuta bahari, hakuiona, akatulia kwenye kona.

Siku chache baadaye nilimwona na madoa. Yalikuwa meupe, madogo, kama punje za chumvi zilizonyunyizwa kwenye mapezi. Alikuwa anapumua haraka na kujikwaruza ubavu kwenye bomba. Nilimwita wifi aje ayaone kwa macho yake.

"Huyu angekuwa ukumbini leo," nikamwambia.

Alikunja uso. "Atakufa?"

"Nikimwahi, hapana."

Ugonjwa ule naufahamu kama ninavyofahamu malaria. Ni mdudu anayejichimbia chini ya ngozi ya samaki na kula akiwa humo, na hilo doa jeupe ndiyo nyumba yake. Akishiba huanguka chini, akajifunga kwenye ganda, akazaa ndani yake. Ganda likipasuka hutoka watoto wengi kuliko unavyoweza kuwaza, wakaogelea kutafuta samaki wa kuingia. Dawa ya shaba huwaua wakati huo tu, wanapoogelea. Walio chini ya ngozi haiwafikii, na walio kwenye ganda haiwafikii. Ndiyo maana huwezi kutibu kwa siku mbili ukasema umemaliza. Inabidi shaba ikae majini wiki nyingi, kwa kiwango kilekile, mpaka kila mdudu apite mlangoni na kuikuta.

Wifi aliniona nikihesabu matone. "Si unampa sumu?"

"Dawa yoyote ni sumu ukizidisha. Ndiyo maana napima."

"Na hiyo huwezi kuitia kule kwenye tangi kubwa, ikakinga wote?"

"Kule kuna kamba wa baharini na matumbawe. Shaba itawaua kabla haijamgusa mdudu, na mawe yatainyonya ikae humo miaka."

Alitikisa kichwa akaenda zake jikoni. Niliipandisha dawa taratibu, leo kidogo, kesho kidogo, nikipima maji asubuhi na jioni. Kangaja alianza kula majani ya mwani niliyomfungia kwenye bomba. Ndipo simu ikaja kutoka Nyanungu kwamba shangazi yangu, dada wa baba, amefariki.

Msiba hauombi ruhusa. Nilifungasha, na kabla ya kuondoka nilimpeleka wifi stoo. Madoa yalikuwa yameanza kupotea.

"Utawalisha asubuhi na jioni, kidogo tu. Wavu huu usitoke humu. Na nisikilize hapa, wifi: madoa yakiisha usifurahi. Mdudu ameanguka chini kuzaa. Hapo ndipo ugonjwa unapoanza."

"Nimesikia."

"Hata akiwa anang'aa."

"Nimesikia, bwana! Nenda ukazike."

Nyanungu tulikaa siku kadhaa. Shangazi alikuwa mtu wa watu. Walikuja wa kanisani na wa ukoo, kila upande ukafanya yake, na mimi nilipika, nililia, nilikaa na baba. Samaki sikuwawaza sana. Nilikuwa nimeacha maji yamepimwa na mtu mzima ameelekezwa.

Niliporudi nilipitia hotelini kabla ya kwenda nyumbani, viatu vyangu bado vina udongo mwekundu. Niliingia ukumbini kusalimia. Na pale, mbele ya tangi kubwa, wageni wawili wa Kizungu walikuwa wameacha supu yao ipoe, wanamtazama kangaja akipita juu ya matumbawe kama mwenye mji.

Wifi alikuwa kaunta. Alitabasamu, kisha akaniona uso, tabasamu likaisha.

"Nani kamhamisha?"

"Mimi. Usinitazame hivyo, wifi. Kapona. Hana hata doa moja. Nilimkagua na tochi."

"Lini?"

"Juzi. Alikuwa anajigonga mle, nikamwonea huruma. Mnyama wa uzuri ule kukaa stoo na mabomba?"

Nilivuta kiti nikakaa. Hasira nilikuwa nayo, lakini haikuwa na kazi ya kufanya. Nilimwambia kwamba mdudu aliyebaki ndani ya mashavu, ambako tochi haifiki, ameingia naye, kwamba sasa yuko mchangani na kwenye mawe, na kwamba kazi iliyobaki ni moja tu: kutoa kila samaki ndani ya tangi lile leo, kuwatibu wote stoo, na kuliacha tangi bila samaki zaidi ya miezi miwili, mpaka mdudu akose pa kuishi.

"Miezi miwili!" Sauti yake iligeuza vichwa vya wale Wazungu. Akaishusha. "Sendofu ni Jumamosi. Wakwe waje waangalie mawe?"

"Wakwe waje waangalie mawe, au waje waangalie samaki wanaokufa. Chagua."

"Wewe unasema watakufa. Mimi naona samaki wazima." Alifunga droo ya kaunta kwa nguvu. "Na tangi ni langu."

"Ni lako," nilisema. "Samaki nao ni wako. Ugonjwa pia sasa ni wako."

Nilitoka nikaenda stoo. Sikulia wala sikuondoka kwenda kununa nyumbani. Niliosha mapipa mawili makubwa ya plastiki, nikayajaza maji, nikaanza kukoroga chumvi. Mume wangu ni dereva wa watalii na alikuwa ndani ya hifadhi wiki ile. Alinipigia jioni, dada yake akiwa ameshampigia kwanza.

"Usigombane na dada," akasema.

"Sigombani. Natengeneza maji."

"Maji ya nini, kama kakataa?"

"Atakuja."

"Una uhakika?"

"Mimi sina haja ya uhakika. Mdudu ndiye mwenye uhakika."

Wifi alikuja nyumbani kwangu Alhamisi asubuhi, khanga begani, akiwa hajafunga hata kilemba. Nilikuwa nachemsha chai.

"Wifi, njoo uone. Wamepakwa sukari."

Tulikwenda karibu tunakimbia. Kweli walikuwa wamepakwa sukari. Jike kubwa la samaki wetu wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, ambaye alikuwa wa kwanza kabisa kuletwa, alikuwa amelala ubavu chini ya jiwe, na dume wake alisimama juu yake akipepea mapezi. Wengine walikuwa juu ya maji wanavuta pumzi. Kangaja mwenyewe alikuwa amejaa madoa hadi machoni.

"Niambie la kufanya," wifi akasema.

"Vua bangili."

Alizivua zote, akazipanga kaunta, akakunja mikono ya gauni hadi mabegani. Kumkamata samaki ndani ya tangi lenye mawe ni kama kumkamata kuku kwenye shamba la mahindi. Unamwona, unamfuata, hayupo. Tulilazimika kutoa mawe yote, moja moja, na matumbawe tukayaweka kwenye ndoo zenye maji ya tangi. Wifi alizamisha mikono hadi kwapani. Maji ya chumvi yalimwingia machoni akalaani kwa lugha ya kwao, kisha akaomba radhi kwa Mungu, kisha akalaani tena. Mpishi alitaka kutuletea sufuria kubwa ya wali itusaidie kubebea. Wifi ndiye aliyemkatalia kabla yangu: "Hakuna chombo cha jikoni hapa! Utaua watu au utaua samaki."

Kangaja tulimpata wa mwisho. Alijibana kwenye pembe, na mkiani ana mwiba mkali kama wembe. Nilimwongoza kwa mkono mmoja, wifi akashika kikapu cha plastiki, tukamwinua na maji yake bila kumgusa kwa wavu.

Stoo kulikuwa na mapipa yanayomsubiri. Maji yalikuwa na joto sawa na chumvi sawa. Wifi aliyatazama, akanitazama mimi.

"Uliyatengeneza lini?"

"Siku ile ile."

Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, gauni limelowa.

"Ungenikataza kwa nguvu zaidi," akasema.

"Nilikukataza."

"Ulinikataza kwa Kiswahili. Kiswahili kinabembeleza. Ungenipigia kelele kwa Kikurya ningeogopa."

Tulicheka mpaka mpishi akachungulia. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba msamaha, na mimi niliipokea yote.

Jike la chungwa lilikufa siku hiyohiyo mchana. Wawili wengine walifuata kesho yake. Nilimwambia wifi wazi kwamba tumechelewa kwa hao, na kwamba waliobaki nitawavusha. Hakubishana nami tena. Alijifunza kupima maji: kuteka kwenye kichupa, kudondosha matone, kusubiri rangi, kulinganisha. Umeme ulipokatika Ijumaa, yeye ndiye aliyewasha pampu za betri kabla sijafika.

Jumamosi wakwe walikuja. Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa, viti vikavalishwa, na katikati ya mapambo yote likawaka tangi kubwa la bluu lisilo na samaki hata mmoja. Tulikuwa tumerudisha mawe na matumbawe, na kamba wawili walikuwa wanatembea juu yake wakijisafisha ndevu. Nilikuwa nagawa soda nilipoona mjomba wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye koti zito, amesimama mbele ya kioo muda mrefu, mikono nyuma.

"Shikamoo, baba," wifi akamwendea.

"Marahaba. Mama, mwanangu aliniambia kwenu kuna samaki wa bahari. Mimi naona panzi wawili."

Nilijua wifi alikuwa na majibu mengi ya kumfunika. Ana ulimi wa biashara. Angeweza kusema wamelala, au wameagizwa wako njiani.

"Wako karantini, baba," akasema. "Niliingiza mgeni kabla hajamaliza siku zake. Akawaletea ugonjwa. Wifi yangu huyu hapa ndiye anayewatibu."

Mzee aligeuka kunitazama. "Mgeni alitoka wapi?"

"Pwani, baba," nikajibu.

"Na ulimtenga?"

"Nilimtenga. Akatolewa nikiwa msibani."

"Aa." Alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyewahi kupoteza. "Mimi niliingiziwa homa ya mapafu na madume ya kununua mnadani. Zizi zima." Kisha macho yakamng'aa. "Naweza kuwaona?"

Nilimpeleka. Nyuma yake walikuja shangazi wawili wa bwana harusi, nyuma yao kijana wa kupiga picha, na mara nikajikuta na msururu wa watu waliovaa nguo za sherehe kwenye ujia wa jiko, wakiingia stoo wawili wawili kutazama samaki wagonjwa ndani ya mapipa ya plastiki. Niliwakataza kutia vidole. Shangazi mmoja alimwombea kangaja kwa sauti, akiwa amefumba macho. Sikumkataza hilo. Mshereheshaji alibaki ukumbini na kipaza sauti chake, akitangaza kwamba keki inasubiri.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kawaida, na kazi ya kawaida ndiyo inayoponya. Nilipima, nilibadilisha maji, niliongeza dawa palipopungua. Madoa yaliondoka, yakarudi machache, yakaondoka. Dawa ilipomaliza muda wake niliitoa yote majini, na bado nikawaacha wakae niwaangalie. Wageni wa hoteli walipouliza kwa nini tangi halina samaki, wifi aliwaeleza habari ya mdudu na ganda lake kwa Kiingereza chake cha haraka, wakiwa wanakula, mpaka nikamwomba asubiri wamalize nyama.

Siku ya kuwarudisha, alifunga ukumbi kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Mume wangu alikuwa nyumbani, akatubebea ndoo. Tuliwaachia wale wadogo wa kijani kwanza, kisha dume la chungwa ambalo sasa lilikuwa peke yake. Kangaja alitoka mwisho. Pezi lake la mgongoni lilikuwa limebaki na pengo dogo, na ubavuni alikuwa na kovu lililofifia. Alisimama kidogo, akatazama mawe. Halafu akamfukuza dume la chungwa kutoka mwisho mmoja wa tangi hadi mwingine, akageuka, akawafukuza na wale wadogo.

"Mwone!" wifi akapiga kelele, kiganja kwenye kioo. "Kaanza fujo na hajafika! Mtoe, wifi, atawaumiza wenzake."

"Mwache," nikasema. "Siku zote hizi alikuwa hana nguvu hata ya kugombana."

Wifi alivuta kiti cha kwanza kilichokuwa karibu, akakaa kuwatazama, na hakufungua ukumbi mpaka wageni walipogonga mlango.